Kweli au Uongo? Maneno Yanayomfuata Mwenye PCOS Anayetafuta Mtoto

Mdogo wangu alikuwa na daftari la mistari, jalada limechakaa pembeni. Humo aliandika siku zake za hedhi tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Januari tarehe 9. Machi tarehe 2. Kisha kimya mpaka Juni. Katikati ya tarehe aliandika aliyoambiwa na watu pamoja na pesa aliyotoa: chango, damu chafu, baridi kizazini, jini mahaba. Chini ya kitanda kulikuwa na chupa mbili za maji zilizojaa mchanganyiko wa mizizi, wenye rangi ya chai iliyokolea, na moja ilikuwa imetuna kwa gesi. Alizunguka hivyo miaka mitatu. Mtu wa kwanza kulisoma lile daftari kwa utulivu alikuwa daktari wa magonjwa ya wanawake, mama wa makamo, aliyepitisha kidole juu ya tarehe moja moja, kisha akasema: "Mwanangu, tatizo lako umeliandika mwenyewe hapa. Yai halitoki."

Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo ninayotaka uyashike. PCOS ni hali ya homoni kuvurugika ambayo, kwa wengi walio nayo, huacha mji wa mimba ukiwa mzima na mayai yakiwa tele, ila yai halipevuki likatoka kwa wakati wake. Kinachotibiwa ni hicho, na matibabu yake yana mpangilio. Ngazi ya kwanza ni vidonge vya siku tano. Inaniuma kuona wanawake wakiuza cherehani na viwanja kutafuta tiba kubwa, au wakimaliza akiba kwa waganga, kabla hawajakanyaga ngazi hiyo. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kuwa wanawake 8 hadi 13 katika kila 100 wenye umri wa kuzaa wana PCOS, na kwamba hadi asilimia 70 yao hawajui. Wanachokijua ni maneno ya watu. Tuyapime.

"Una uvimbe kwenye ovari, lazima utolewe"

Si kweli. Altrasaundi ya mwenye PCOS huonyesha vitundu vyeusi vilivyojipanga pembezoni mwa ovari, na vingi huwa na upana wa milimita 2 hadi 9. Anayesoma karatasi ya majibu bila kuelezwa huona neno "vivimbe" na moyo ukamlipuka. Lakini hivyo ni vijifuko vya kawaida, kila kimoja na yai lake, vilivyoanza kukua vikasimama njiani. Hakuna cha kukata wala cha kupasua. Kuna mayai yanayosubiri ishara ya homoni ambayo haijafika sawasawa.

Kosa hili lina historia. Mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliandika habari za wanawake saba waliokuwa na ovari kubwa na hedhi iliyopotea. Waliwafanyia upasuaji wa kukata kipande cha ovari. Hedhi ikarudi kwa wote saba, na wawili wakashika mimba. Kwa miaka mingi kisu kikawa ndiyo tiba, mpaka ilipoonekana kwamba makovu ya upasuaji yenyewe yaliweza kushikamanisha ovari na mirija, na vidonge vikapatikana. Jina la ugonjwa, ambalo kwa Kiingereza hutaja vifuko vingi vya ovari, lilibaki na vifuko vyake. Mwaka 2012 jopo la wataalamu lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilipendekeza jina libadilishwe kwa sababu linapotosha.

Na altrasaundi peke yake haitoshi kumwambia mtu ana PCOS. Kwa makubaliano yaliyofikiwa Rotterdam mwaka 2003, zinatakiwa dalili mbili kati ya tatu: yai kutopevuka kwa mpangilio (ndiyo ile hedhi ya kurukaruka), homoni za kiume kuzidi (ndevu kidevuni, chunusi sugu, au kipimo cha damu), na ovari zenye vijifuko vingi. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 umeruhusu kipimo cha damu cha homoni ya AMH kitumike badala ya altrasaundi kwa watu wazima. Kabla ya kusema ni PCOS, daktari anatakiwa aondoe shaka ya tezi ya shingo na homoni ya maziwa, prolaktini, kwa sababu hizo nazo huvuruga hedhi na tiba yake ni tofauti kabisa.

"Mwenye PCOS ni tasa"

Uongo, na kati ya yote niliyokusanya hapa huu ndio unaovunja nyumba nyingi. Tasa ni neno la kufunga mlango. Mwenye PCOS mlango wake uko wazi ila unafunguka kwa nadra: anayepata hedhi mara nne au tano kwa mwaka ana nafasi nne au tano, au pungufu, pale ambapo mwenzake ana kumi na mbili au kumi na tatu. Ndiyo maana wapo wanaoshika mimba bila dawa yoyote, na ndiyo maana mwenye PCOS asiyetaka mimba anahitaji uzazi wa mpango kama mwingine yeyote. Wanawake wengi wenye PCOS huishia kupata watoto, baadhi bila msaada na wengine kwa kusaidiwa kidogo.

"Siku zikirudi, uzazi umerudi; safisha kizazi damu chafu itoke"

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo pesa nyingi zinapotelea.

Kizazi hakina uchafu wa kusafishwa. Yai lisipotoka, mwili hautengenezi projesteroni ya kutosha, ile homoni inayoutuliza utando wa ndani ya mji wa mimba na kuufanya ubanduke kwa utaratibu. Utando unaendelea kunenepa. Baada ya miezi mitatu au minne unaweza kubomoka wenyewe, damu ikatoka nyingi na ya mabonge, na mtu akaamini kweli ilikuwa "damu chafu iliyoganda". Bibi zetu waliona jambo la kweli, maana kukaa muda mrefu bila hedhi si salama: utando ukinenepa miaka na miaka, hatari ya saratani ya mji wa mimba huongezeka. Lakini dawa yake ni vidonge vya projesteroni kwa siku chache, kwa maelekezo ya daktari, na hedhi huja baada ya kuviacha.

Ila damu hiyo iliyoitwa kwa vidonge si ushahidi kwamba yai limetoka. Hapo ndipo wengi tunajidanganya. Mdogo wangu aliwahi kunipigia simu kwa furaha baada ya kunywa zile chupa na kuona damu. Miezi mitatu iliyofuata alisubiri mimba ambayo isingeweza kutunga, kwa sababu hakukuwa na yai.

Kuhusu vile vifurushi vidogo vya dawa vinavyofungwa kwa kitambaa na kuwekwa ukeni ili "vivute uchafu": tafadhali acha. Uke hujisafisha wenyewe. Vitu hivyo vinaweza kuunguza ngozi ya ndani na kukaribisha maambukizi, na maambukizi yakipanda juu yanaweza kuziba mirija. Aliyekuwa na tatizo moja linalotibika kwa vidonge akawa na mawili.

"Letrozoli ni dawa ya saratani, itakuharibu"

Nusu ya maneno ni kweli. Letrozoli ilitengenezwa kutibu saratani ya matiti. Mdogo wangu alifungua boksi saa nne usiku, akakunjua ile karatasi nyembamba yenye maandishi madogo, akasoma "saratani ya matiti" na "wanawake waliokoma hedhi", akanipigia akitetemeka: "Dada, amenipa dawa ya watu gani hii?" Hakuna aliyemweleza kwamba karatasi ile huandikwa kwa matumizi yaliyosajiliwa tu, na kwamba dawa hiyohiyo, kwa siku chache, ndiyo mwongozo wa kimataifa unayoiweka mbele ya nyingine zote kwa mwenye PCOS ambaye yai lake halitoki. Dakika tano za maelezo zingemwokolea usiku mzima.

Inafanya kazi hivi. Kwa siku tano letrozoli huzuia mwili kutengeneza estrojeni. Ubongo ukiona estrojeni imeshuka, unadhani ovari zimelala, unatuma homoni ya FSH kwa wingi zaidi ili kuziamsha. Kile kijifuko kilichosimama njiani kinapata nguvu ya kuendelea, na siku chache baadaye yai linatoka. Kwa kawaida huanzwa siku ya tatu hadi ya tano ya hedhi, kidonge kimoja cha miligramu 2.5 kwa siku, na daktari huongeza mzunguko unaofuata kama yai halikutoka. Dawa yenyewe haikai sana mwilini: nusu yake huisha ndani ya takriban siku mbili, hivyo kufikia wakati mimba inajishikiza kwenye mji wa mimba sehemu kubwa mno imeshaondoka. Cha lazima ni kupima mimba kabla ya kuanza kila mzunguko, kwa sababu kwa mwenye PCOS kukosa hedhi si jambo geni na anaweza kuwa na mimba bila kujua.

Ushahidi ni mzuri. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofuata wanawake 750 wenye PCOS, nusu wakipewa letrozoli na nusu klomifeni, hadi mizunguko mitano. Waliojifungua mtoto hai walikuwa asilimia 27.5 kwa letrozoli na 19.1 kwa klomifeni. Ukisoma namba hizo usikate tamaa kwamba ni chini ya theluthi. Hiyo ni ngazi ya kwanza tu.

"Clomid nunua tu duka la dawa, umeze uone"

Uongo wenye madhara. Klomifeni, ambayo wengi tunaijua kwa jina hilo la Clomid, imetumika tangu miaka ya 1960 na bado ni dawa nzuri pale letrozoli isipopatikana. Lakini haimezwi kienyeji. Inaweza kupevusha mayai zaidi ya moja: katika utafiti ule wa 2014, mimba za mapacha zilikuwa asilimia 7.4 kwa klomifeni na 3.4 kwa letrozoli. Inaweza pia kuufanya utando wa mji wa mimba uwe mwembamba, yai likatoka bila mahali pazuri pa kujishikiza. Ndiyo maana daktari hutaka kukuona kwa altrasaundi, angalau mzunguko wa kwanza, na ndiyo maana madaktari hawapendi kuirudia zaidi ya mizunguko sita hivi bila kuangalia upya.

Na kuna swali ambalo muuza dawa hatauliza: mbegu za mume zimepimwa? Wanandoa wengi wanaohangaika, tatizo liko kwa mwanamume, peke yake au pamoja na la mke. Ni kipimo kisicho na sindano: mume hukaa siku mbili hadi saba bila kutoa shahawa, kisha hupeleka sampuli maabara. Shemeji yangu alinuna wiki nzima. Alikubali siku daktari alipomwita ndani, akamketisha kiti kimoja na mkewe na kumwambia kwamba hawezi kuandika dawa ya mtu mmoja kwa kazi ya watu wawili. Kipimo cha mirija nacho kina nafasi yake, hasa kwa aliyewahi kuugua maambukizi ya nyonga au kufanyiwa upasuaji wa tumbo.

"Vijiti vya kupima yai vitakuambia siku"

Kwa mwenye PCOS, mara nyingi vitamdanganya. Vijiti hivyo vinatafuta homoni ya LH inapopanda ghafla kabla ya yai kutoka. Wengi wenye PCOS wana LH iliyo juu muda wote, hivyo mistari miwili inaonekana leo, kesho na wiki ijayo. Kosa kama hilo liko pia kwenye kipimo cha projesteroni cha "siku ya 21". Siku ya 21 ni ya mtu mwenye mzunguko wa siku 28. Wa siku 40 akipimwa siku hiyo, ataambiwa yai halikutoka kumbe lilikuwa bado njiani. Damu ipimwe wiki moja kabla ya siku hedhi inapotarajiwa. Peleka daftari lako, au simu yenye tarehe. Hizo tarehe zina thamani kuliko vipimo vingi utakavyolipia.

"Metformini ni ya wagonjwa wa kisukari"

Ni ya kisukari, na pia ni ya baadhi ya wenye PCOS, kwa sababu moja: wengi wao insulini haifanyi kazi sawasawa, mwili unaitoa kwa wingi, na insulini nyingi huzichochea ovari kutoa homoni za kiume. Kuituliza kunaweza kurudisha hedhi. Lakini kama lengo ni mtoto, isitegemewe peke yake. Utafiti wa mwaka 2007 wa wanawake 626 ulionyesha hivyo waziwazi: baada ya miezi hadi sita, waliojifungua kwa metformini pekee walikuwa asilimia 7.2, kwa klomifeni 22.5, na kwa zote mbili 26.8. Tumbo litavurugika siku za mwanzo; kumeza pamoja na chakula na kuanza na dozi ndogo husaidia.

"Nenda kapungue kwanza, mimba itakuja yenyewe"

Kuna ukweli ndani yake, na kuna ukatili katika namna unavyosemwa. Mwenye uzito mkubwa akipunguza hata asilimia 5 hadi 10, yaani kilo 4 hadi 8 kwa mtu wa kilo 80, baadhi hurudi kupevusha yai, na mimba itakayokuja itakuwa salama zaidi. Kutembea kwa kasi kila siku na kuacha soda kuna faida hata mizani isiposhuka. Lakini PCOS yenyewe inafanya kupungua kuwe kugumu, na wapo wembamba kama mwanzi wenye PCOS kamili, ambao hucheleweshwa kwa sababu "hawana sura" yake. Kumrudisha nyumbani mwanamke wa miaka 36 akapungue kwanza kwa miaka miwili ni kumnyang'anya miaka asiyokuwa nayo. Chakula na dawa vinaweza kwenda pamoja. Ikiwa umri wako ni chini ya 35, mwaka mmoja wa kutafuta unatosha kukupeleka kwa daktari. Ukiwa umevuka 35, miezi sita. Na kama hedhi yako inapotea miezi, usingoje hata huo muda.

"Vidonge vya uzazi wa mpango ndivyo vilivyokuharibu"

Si kweli. Vidonge havisababishi PCOS. Vilikuwa vinakupa damu ya kila mwezi, vikaificha PCOS iliyokuwapo. Ulipoacha, hali yako ya zamani ikajitokeza. Jiulize tu: kabla ya kuanza vidonge, ukiwa shuleni, siku zako zilikuwaje? Wengi hukumbuka palepale.

"Mdalasini, uwatu na inositoli vinatosha"

Havitoshi. Inositoli imechunguzwa kuliko vingine, na ushahidi wake kwa upande wa kupata mtoto bado ni mdogo. Asidi ya foliki, ambayo ni rahisi na hutolewa kliniki, ina ushahidi mkubwa: mikrogramu 400 kila siku kuanzia kabla ya mimba, kumkinga mtoto na kasoro za uti wa mgongo, na daktari anaweza kuandika dozi kubwa zaidi.

"Vidonge vikishindwa, kilichobaki ni kupandikiza"

Si lazima. Kuna ngazi ya kati. Zipo sindano za gonadotropini, zenye homoni ileile ya FSH, zinazochomwa kwa dozi ndogo huku ovari zikifuatiliwa kwa altrasaundi mara kwa mara. Asiyeweza kufika kila anapoitwa asizianze, kwa sababu mayai matatu au manne yakipevuka pamoja mimba ya watoto wengi ni hatari ya kweli. Upo pia upasuaji wa matundu madogo ambapo ovari hutobolewa vitundu vichache kwa joto la umeme. Aliyeuandika kwanza ni daktari wa Norway, Gjønnæss, mwaka 1984. Unafaa kwa aliyeshindwa na vidonge na hawezi kufuatiliwa kwa sindano. Ovari isitobolewe ovyo, maana kila kitundu hupunguza akiba ya mayai.

Kupandikiza, kile watu wanachokiita mtoto wa chupa, ni ngazi ya juu, na kwa Afrika Mashariki si jambo la kupandia ndege tena: Kampala alizaliwa mtoto kwa njia hiyo mwaka 2004, Nairobi mwaka 2006. Kwa mwenye PCOS kuna tahadhari ya pekee. Ovari zake zina vijifuko vingi, hivyo zikichochewa zinaweza kuvimba kupita kiasi, maji yakajaa tumboni na damu ikawa nzito. Uliza kituo maswali mawili kabla ya kulipa hata senti: mnatumia utaratibu gani kunikinga na hali hiyo, na je, mnaweza kugandisha viinitete? Utafiti wa China wa mwaka 2016 uliohusisha wanawake 1,508 wenye PCOS ulionyesha kwamba viinitete vilipogandishwa kwanza na kupandikizwa baadaye, waliojifungua walikuwa asilimia 49.3 badala ya 42.0, na waliopata tatizo lile la ovari walishuka kutoka asilimia 7.1 hadi 1.3. Kituo kinachokukimbiza kwenye ngazi hii bila kukuuliza umewahi kutumia vidonge gani, toka nje.

"Ukishashika mimba, PCOS imekwisha"

Uongo. Kisukari cha ujauzito, shinikizo la damu na kifafa cha mimba huwapata zaidi wenye PCOS, na pia wapo wanaoharibikiwa na mimba mapema. Kliniki waambie mapema. Kipimo cha sukari kifanyike hudhurio la kwanza, na kirudiwe wiki ya 24 hadi 28.

Mdogo wangu alirudia kipimo hicho wiki ya 26. Mimba ilikuwa imekuja mzunguko wa nne wa letrozoli, baada ya dozi kuongezwa mara moja. Alikaa kwenye benchi la kliniki tangu saa moja asubuhi bila kula, akanywa ile glasi ya maji ya glukosi kwa kuziba pua, akachomwa mara tatu. Tulipokuwa tukisubiri majibu alitoa daftari lake lilelile kwenye mkoba, akaandika tarehe, na chini yake, kwa mara ya kwanza tangu alinunue, akaandika makadirio ya uzito wa mtoto.